Kijiko Upande wa Kushoto

"Dada, macho umeyaacha nyumbani?"

Walianza hivyo. Ilikuwa sokoni, watu wamejaa pomoni, na mchoraji alimpamia kijana mmoja aliyekuwa kushoto kwake, malimau yakatawanyika. Kijana yule, fundi wa fremu mwenye shati jeupe lililojaa vumbi la mbao, aliyaokota huku akicheka. Naye akacheka, ila moyoni aliingiwa na hofu. Hakuwa amemwona kabisa.

Miezi mitatu baadaye walikuwa hawaachani. Mchana fundi alikaa chumbani kwa mpenzi wake, dirisha limezibwa kwa kitambaa cheusi, taa moja ikimulika meza yenye malimau, birika la shaba na kijiko. Mchoraji alivichora kwa rangi za mafuta. Watu walimsifia kiza chake kizito, kilichofanya limau ling'ae hadi mate yakutoke.

Siku moja fundi alikuja kupima picha ili aitengenezee fremu. Akaitazama, akaitazama na meza.

"Mpenzi, mbona kijiko hujakichora?"

"Kijiko gani? Huko ni kivuli kitupu."

"Kivuli wapi? Taa inakipiga, kinametameta!"

Mchoraji aligeuza kichwa kushoto. Kumbe kipo.

"Toka!" alifoka. "Tangu lini fundi mbao akanifundisha kuchora?"

Fundi alikunja futi yake akaondoka, akiamini amedharauliwa.

Siku tisa simu ililia, mchoraji asipokee. Aliogopa kuonewa huruma. Aliviogopa zaidi vivuli vyake vyote vilivyosifiwa, maana hakujua tena kipi alikichora na kipi hakukiona. Siku ya kumi alipiga mwenyewe.

"Bado una hasira?"

"Hasira ziliisha juzi. Sasa nimenuna tu."

"Upande wa kushoto sioni, mpenzi. Naogopa kwenda kwa daktari peke yangu."

"Vaa viatu. Nakuja."

Daktari hakumficha. Kilichopotea hakirudi; dawa ya matone huenda ikalinda kilichobaki. Walipotoka waliketi kwenye benchi la koridoni, mchoraji akauliza.

"Na dawa ikishindwa?"

"Tutaona."

"Wewe utaona. Mimi je?"

Fundi, aliyeketi kushoto kwake, alimshika mkono.

"Hamia huku kulia," mchoraji alimwambia. "Halafu niulize lile la ndoa unalolizungukazunguka tangu mwezi uliopita."

"Leo? Na woga wote huu?"

"Leo. Nataka niuone uso wako ukiniuliza."

Fundi akahama, akamuuliza.