Gia ya Goweko

Haya yalimpata rafiki yangu Damas Raymundi, masika ya mwaka 1975. Mashine ya kusaga ya kijiji chao cha ujamaa, Goweko, ilivunjika gia, na kina mama wakarudia kusaga kwa mawe. Vipuri havikupatikana. Damas akachukua chuma kinene kilichofukuliwa kwenye njia ya zamani ya misafara ya watumwa, akakipeleka Tabora, karakana ya fundi Fakhrudin, akichonge kiwe gia. Akakitoboa tundu katikati, akakifunga kwenye kizungusho walichokiongeza juu ya mashine ndogo ya kuchongea, ili kigeuzwe kidogo kidogo kila jino linapokatwa.

"Kina pete ya mnyororo hiki," alisema Fakhrudin. "Kirudishe, bwana."

"Watoto watakula pete, mzee?" Damas alicheka, akaikata ile pete.

Katikati ya kazi mvua kubwa ikanyesha, umeme ukakatika. Gizani mashine ilinyamaza, lakini kizungusho kiliendelea kugeuka, ta, ta, ta, na kitu kizito kikaburutwa sakafuni.

"Mzee, acha kuzungusha!"

"Mimi niko mlangoni, bwana."

Umeme uliporudi, meno yote yalikuwa yamekatwa. Damas akaingiza kidole kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe siku ileile. Upande mmoja ulikuwa umelika, laini, kama uliosuguliwa na kifundo cha mguu wa mtu aliyefungwa miaka mingi, na ulikuwa na jasho.