Baragumu Lililolia Mapema

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, hata kwa nguruwe wanaofukua mashamba ya watu, kwamba leo Mwalimu Litara anafanya mtihani wa mwisho wa shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari! Ndivyo Alapati alivyomtangaza mama yake kwa kijiji kizima, kifua mbele. Kisha akaenda kucheza kriketi na kusahau kabisa.

Mama alikuwa kwenye baraza la shule, mahali pekee penye mtandao, akijibu maswali ya wahadhiri waliokuwa ng'ambo ya bahari. Alipanga kumaliza kabla ya sala ya jioni. Baragumu la kombe la baharini likilia kuita sala, kila mtu kijijini huacha alichoshika na kuingia ndani, na vijana wa zamu hufunga barabara.

Uwanjani, timu ya Alapati ilikuwa taabani.

"Shika gongo, mtoto wa kompyuta," Semisi wa timu pinzani alimdhihaki. "Au tumwite mama akuchezee?"

Alapati akasema anakwenda haja. Akanyemelea baraza la chifu, akachukua baragumu, akalipuliza kwa nguvu zake zote. Mchezo ukavunjika papo hapo. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndipo akasikia sauti ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la shule. Kijana wa zamu alikuwa amesimama mbele ya mama.

"Samahani, Mwalimu. Zima."

"Lakini jua bado liko juu."

"Hata mimi nashangaa. Ila baragumu limelia."

Mama akazima kompyuta, katikati ya swali la pili.

Baada ya sala hakugusa chakula. "Miaka mitatu nimesoma," alisema polepole. "Kwa wahadhiri, anayeondoka mtihanini ameshindwa."

"Kapuliza nani?" bibi akauliza.

"Labda upepo," Alapati akajibu, macho kwenye sahani.

Bibi akamgeuza uso. "Na upepo huo ndio uliokuchora duara jekundu mdomoni?"

Alapati akapapasa midomo yake iliyovimba. "Ni mimi, Mama. Tulikuwa tunafungwa."

Mama akainuka, akaenda kulala. Afadhali angemchapa.

Asubuhi, Alapati alikaa mbele ya kompyuta kati ya mama na chifu, akawaeleza wahadhiri kila kitu, hata uongo wa kwenda haja. Chifu akathibitisha. Mhadhiri mmoja, Mfiji aliyezijua desturi za visiwani, akaziba mdomo asionekane akicheka.

"Litara, tutaendelea na swali la pili Jumatatu," akasema.

"Na huyu atapalilia shamba langu mpaka nichoke kumtazama," chifu akaongeza.

Njiani mama akamshika bega. "Mzaha mzaha hutunga usaha, mwanangu. Leo ukweli wako umeniponya, lakini kidonda ulikitia wewe. Kabla hujacheka, tazama nani atalia."

"Nimekoma, Mama."

"Bado. Nenda kwa Semisi."

Hilo lilikuwa zito kuliko wahadhiri wote. Alapati akaenda, akasimama mlangoni.

"Jana," akasema, "mlishinda nyinyi."