Nta ya Jumamosi

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Fundi aliamka, akafagia kibaraza, akafunika cherehani yake vumbi lisiingie, kisha akatoka uani na ndoo mbili kuosha gari. Ndoo moja ya povu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji, maana ukirudisha sponji lenye mchanga kwenye povu, unalikwaruza gari kwa mkono wako mwenyewe. Hayo alifundishwa na dada yake.

Gari lenyewe pia alipewa na dada yake. Bure kabisa. Dada alilileta siku moja, akamwekea ufunguo juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Miguu yako imechoka kubeba majora, mdogo wangu. Chukua. Usiniulize bei." Fundi alilia kwa furaha mpaka kope zikavimba. Sisi majirani tuliokuwa ukuta kwa ukuta naye tulisema ndugu ndio hao, na wengine tuliona wivu, maana dada zetu sisi wakikuazima kikombe wanakuja kukidai kabla hujanywa.

Lilikuwa gari rangi ya damu ya mzee, linang'aa kiasi cha mtu kuchania nywele mbele ya mlango wake. Dada alitoa sharti moja tu.

"Kila Jumamosi lioshe kivulini. Anza juu, shuka chini, magurudumu mwisho. Likikauka, lipake nta, nyembamba, kwa mduara. Na usije ukatumia sabuni ya vyombo hata siku moja. Inatoa nta yote."

Fundi alitii. Alikuwa mtu wa kutii dada yake tangu mama yao alipofariki na Dada akaanza kumsuka nywele, kumpikia na kumtetea shuleni. Fundi hakuolewa, hakujaliwa mtoto. Dada na watoto wa Dada ndio walikuwa ukoo wake wote, na kipenzi chake kikubwa alikuwa kitinda mimba wa Dada, msichana wa miaka sita tuliyezoea kumwita Kishungi kwa zile nywele zake zilizokataa kulala.

Jumamosi ile, ya kwanza tangu apewe gari, alipokuwa akimwagia boneti maji, aliona kiganja. Maji yalijikusanya kama shanga boneti nzima, kama yafanyavyo juu ya nta, isipokuwa sehemu moja. Pale yalitandazika, yakachora vidole vitano na kiganja kipana. Vidole vilielekea kwenye kioo cha mbele. Fundi akadhani ni watoto wa mtaa wamegusa. Akasugua. Alipomwaga maji tena, kiganja kilikuwa palepale.

Fundi ni mtu wa kupima. Alivua futi shingoni, akapima. Kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye kioo, sentimita sitini. Akapaka nta juu yake na kuendelea na shughuli zake.

Jumamosi ya pili zilikuwa arobaini na tano.

Alipima mara tatu. Alibadilisha futi, akidhani ile ya zamani imevutika. Arobaini na tano. Mtoto wa mtaani hana kiganja kipana hivyo, akajiambia, na akafanya haraka kumaliza kazi.

Jumamosi ya tatu kiganja hakikuwa kwenye boneti. Kilikuwa kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva. Alisugua kwa nje, hakikutoka. Akaingia ndani kusugua, na hapo akaona kuwa vidole vilikuwa vimekunjwa kidogo. Vilikuwa vinashika. Saa nne ya asubuhi, jua linawaka, na mikono yake ilikuwa baridi mpaka kwenye viwiko.

Alihitaji kitambaa kingine. Akafungua buti, akainua tairi la akiba. Chini yake palikuwa na furushi la plastiki ambalo hakuliweka yeye. Ndani yake vipande saba vya kitambaa vilivyokakamaa kwa nta, vimekatwa sawasawa, kila kimoja ukubwa wa leso. Alikigeuza kimoja, akaona pindo. Kila fundi ana namna ya kumaliza mshono. Yeye hurudi nyuma mara mbili, halafu anavuka kwa pembeni, na hakuna mwingine mtaani anayefanya hivyo.

Lilikuwa gauni lake mwenyewe. Lilipotea kwenye kamba ya nguo wakati wa mvua, na Dada ndiye aliyekuja siku ile kumsaidia kuanua. Kipande alichokishika kilikuwa cha kwapani, mahali jasho linapokaa. Fundi alikaa chini, kwenye simenti yenye maji, akakaa vivyo hivyo mpaka povu likakauka kwenye ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma namna ile.

Hakwenda polisi, hakwenda kwa mtu yeyote. Alikwenda kwa dada yake. Alimkuta sebuleni anakunja nguo za watoto, akamwekea furushi mapajani.

Dada aliliangalia tu. Hakuuliza ni nini.

"Funga mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Watoto wasisikie."

"Dada, nini hiki?"

"Nilimgonga mtu. Alfajiri, mvua inanyesha. Alinyoosha mkono, akauweka kwenye boneti, hivi. Kama mtu anayelizuia gari lisimfikie." Dada aliinua kiganja chake, kisha akakishusha haraka. "Sikusimama."

"Ukamwacha?"

"Nilimwacha. Halafu kile kiganja kikaanza kuja. Kila nikiosha gari, kimesogea. Nikaenda kwa mganga. Akasema nilisugue kwa nguo yenye jasho la mtu wa damu yangu, mara saba, nifunge kwa nta. Halafu nimpe gari bila kuombwa, aendelee kulipaka nta mwenyewe, na kiganja kitamfuata yeye."

Fundi alikumbuka namna alivyomshukuru. Alikuwa amepiga magoti, amembusu mikono.

"Ulinifundisha mpaka namna ya kupaka nta," alinong'ona. "Kila Jumamosi nilikuwa najifunga mwenyewe, na wewe unanipigia simu kuniuliza, 'Umepaka?'"

"Mimi nina watoto," Dada alisema. "Ungekuwa mimi ungefanya nini? Wewe ukiondoka unamwacha nani?"

Hilo ndilo lililomkata Fundi, kuliko gauni, kuliko kiganja. Kumbe miaka yote ile dada yake alikuwa amekwisha kumpigia hesabu na kumwona ni mtu wa kutolewa.

Alirudi nyumbani, akachukua chupa ya sabuni ya vyombo, akaimimina yote kwenye ndoo. Aliosha gari mara tatu. Alisugua paa, milango, boneti, mpaka maji hayakujikusanya tena popote, yakalala bapa juu ya rangi. Nta ilikwisha. Jasho lake lilikwisha pamoja nayo. Kabla adhana ya alasiri haijaisha alikuwa amelirudisha gari kwenye uwanja wa Dada na kuutupa ufunguo dirishani. Akarudi kwa miguu. Wiki ile alishona vizuri, akalala vizuri, akamchukia dada yake vizuri.

Jumamosi iliyofuata Kishungi aliingia mbio kwenye chumba cha cherehani na gauni mkononi.

"Mamdogo, nguo yangu imetoboka. Mama anasema ni panya. Uitie kiraka."

Fundi aliikunjua. Kwapani palikuwa na tundu la mraba, ukubwa wa leso, kingo zimenyooka. Panya gani anayekata kwa mkasi? Akaipeleka puani. Ilinuka nta.

"Kishungi," alisema polepole. "Lile gari jekundu likoje?"

"Ni langu!" Mtoto alirukaruka. "Mama kanipa. Kasema nikikua nitaendesha. Tunalipaka nta kila siku, mimi napaka chini, Mama anapaka juu."

Kila siku. Dada hakuwa na subira ya kungoja Jumamosi. Na watoto aliosema anawaokoa, huyu alikuwa mmoja wao.

Kishungi aligeuka kuchukua vifungo vya kuchezea. Nje palikuwa pakavu, jua kali. Mgongoni mwa gauni alilovaa, kitambaa kilikuwa kimelowa. Kiganja kipana. Vidole vitano. Vilikuwa vinapanda kwenda shingoni.

Fundi hakupiga kelele. Hakupima.

Mlango wangu uligongwa muda mfupi baadaye. Fundi alikuwa amemshika mtoto mkono, na mkono mwingine kabeba ndoo mbili.

"Jirani, kaa na huyu mpaka jioni. Usimpe mtu. Hata mama yake usimpe."

"Kuna nini?"

"Naenda kuosha gari."

Nikaona gauni lake. Lilikuwa limekatwa kwapani, kipande kizima kimeondoka, nyuzi zinaning'inia. Yule mwanamke hajawahi kutoka nje hata na kifungo kilicholegea. Nilitaka kumuuliza, lakini alikuwa ameinama anamlaza Kishungi zile nywele zake, anazilaza, zinasimama, anazilaza tena. Kisha akaenda. Ningemzuia. Mpaka leo najilaumu.

Wanaokaa jirani na Dada walimwona. Aliosha kwa sabuni ya vyombo, akakausha, akachukua kipande cha gauni lake na kopo la nta, akapaka gari zima, kwa mduara, nyembamba, bila haraka. Dada alikuwa dirishani. Aliona kila kitu, akaelewa kila kitu. Hakutoka hata kumpa mdogo wake maji ya kunywa. Fundi alipomaliza alisogea dirishani bila kuomba kitu, na Dada akampa ufunguo kupitia nondo za dirisha. Halafu akavuta pazia.

Mimi nilikuwa na mtoto. Alikuwa amekaa sakafuni anapanga vifungo kwa rangi, na macho yangu hayakubanduka mgongoni mwake. Saa kumi kasorobo ile alama ilianza kukauka. Kidole kimoja. Cha pili. Cha mwisho kilikuwa gumba. Kishungi akageuka, akaniuliza kama anaweza kula sasa.

Fundi hakurudi jioni ile wala kesho yake. Siku ya tatu askari walilikuta gari pembeni ya barabara kuu. Halikuwa na mkwaruzo. Milango imefungwa kwa ndani, ufunguo upo. Walimwita Dada, nami nikaenda, maana hakukuwa na mwingine wa kwenda kwa ajili ya Fundi.

"Gari hili ni lako, mama?" askari aliuliza.

"Si langu," Dada alijibu bila kupepesa. "Ni la mdogo wangu. Nilimpa."

Walivunja kioo cha nyuma, wakafungua. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu na kimelowa chapachapa. Mkanda ulikuwa umefungwa. Haukuwa umelala kitini. Ulikuwa umetuna hewani, umekaza, kama umezunguka kifua cha mtu. Askari aliutazama muda mrefu. Kisha akaingiza mkono na kubonyeza kitufe, na mkanda ukarudi taratibu sana, kama unaoshikwa na mtu asiyetaka kuuachia.