Tulidhani Yuko Kwenu

Wazazi wenzangu, wa hapa Chang'ombe na popote mlipo, habari hii siitii chumvi. Nimeisikia kwa wenyewe, wamekaa sebuleni kwangu, na Demetria ndiye aliyeniambia, "Dada, waambie watu. Usitufiche majina wala nini." Basi nami sitawaficha.

Demetria na mumewe Adelard ni majirani zangu. Adelard anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao iko Kurasini. Demetria anauza vitenge kwa njia ya mtandao, na ana wateja wengi kweli. Wana mabinti wawili: Blessing, yuko darasa la pili, na Margareta, ambaye mtaa mzima tunamwita Mage, yuko chekechea. Hawa si watu wabaya, na naomba mlishike hilo kabla sijaendelea. Watoto wao wanakula, wanasoma, wanavaa, Jumapili wako kanisani. Ukiwaona utasema hii ndiyo familia.

Desemba iliyopita wazazi wa Adelard walikuwa wanafanya jubilei ya ndoa yao kule Rombo. Misa ya shukrani ilipangwa Jumamosi asubuhi, hivyo Ijumaa alfajiri familia ikaanza safari. Nilitoka nje kuwaaga. Blessing alikuwa ameshakaa kwenye kiti na mkanda kaufunga, utadhani anaogopa kuachwa. Mage alikuwa amevaa gauni la njano, anazunguka gari akiyapigapiga matairi kama alivyoona baba yake anafanya. Demetria ameshika simu juu, anarekodi. "Jamani wapenzi wangu, safari ndiyo inaanza!" Nikawaombea heri, wakaondoka.

Mbezi Luis walimkuta Leonardi, mdogo wake Adelard, anawasubiri na gari lake aina ya Noah. Alikuwa na mkewe Eliaichi na vijana wao wawili wadogo. Magari mawili yakaongozana vizuri, Kibaha, Chalinze, wakashika njia ya Tanga na Moshi. Watoto walikuwa wanaimba. Demetria ananiambia mpaka hapo alikuwa hajawahi kufanya safari tamu kama ile.

Walipoipita Mkata, gari la Adelard likaanza kuchemsha. Moshi ukatoka kwenye boneti, na ndani ya gari Mage akatapika. Walijivuta mpaka kwenye kijisehemu chenye vibanda vichache na fundi mmoja wa magari, wakaegesha. Leonardi naye akasimama nyuma yao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yaliharibika hapa, na yaliharibika taratibu, bila mtu kukosea sana.

Eliaichi aliwahi kushuka. Akamchukua Mage, akamwosha kando ya barabara kwa maji ya chupa. Begi la nguo za Mage lilikuwa chini ya mizigo yote, kwa hiyo akamvalisha nguo za kijana wake: kaptula na fulana ya bluu yenye picha ya gari. Akamwambia, "Haya, nenda kwa mama." Mage akaenda. Alimkuta mama yake kivulini, simu mbele ya uso, anajirekodi akiwaeleza wateja wake jinsi gari lilivyowaharibikia. Akamvuta dera. Demetria, macho yakiwa kwenye simu, akasema, "Subiri mama, nimalize simu."

Adelard naye alikuwa upande wa pili wa gari anaongea na ofisini. Kulikuwa na kontena la mteja limekwama, na kila baada ya dakika chache simu inaita.

Fundi, kijana anayeitwa Abdulrahman, akatoa kichwa kwenye boneti. "Bosi, hozi ya rejeta imepasuka. Mpaka tutume bodaboda Mkata ikalete nyingine."

Leonardi akasema, "Basi braza, sie tutangulie Korogwe na watoto, tuwaagizie chakula. Hapa jua litawaua."

Adelard akapunga mkono, simu sikioni: nendeni. Leonardi akaita watoto. Blessing akakimbilia Noah pamoja na binamu zake, wakajazana nyuma kwa fujo na vicheko. Eliaichi alijua Mage kabaki na mama yake, si alimtuma mwenyewe kwake? Noah likaondoka. Hozi ikaja, ikafungwa, maji yakawekwa. Adelard na Demetria wakapanda gari lao. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na wala hawakushtuka. Watoto si wametangulia?

Huko njiani kila mmoja alikuwa na simu yake. Kama saa nzima hivi.

Korogwe, Eliaichi aliwapokea kwenye maegesho ya hoteli akiwa na sahani ya chipsi mkononi. Akachungulia ndani ya gari.

"Mage amelala?"

Demetria akacheka. "Mage si mnaye nyie?"

"Tunaye wapi? Nilimleta kwako dada. Tulidhani yuko kwenu."

"Na sie tulidhani yuko kwenu!"

Demetria anasema hakumbuki ile sahani ilivyoanguka. Anakumbuka tu Adelard ameshaingia garini na yeye anakimbilia mlango wakati gari linageuka. Leonardi na Eliaichi wakabaki na watoto, Blessing analia kwa sauti, na katika hekaheka ile Eliaichi hakukumbuka kusema kwamba Mage alibadilishwa nguo.

Fundi alikuwa amempa Adelard namba yake, kwamba gari likisumbua ampigie. Demetria akampigia.

"Kaka, kuna mtoto tumemwacha hapo! Mtoto wa kike, ana gauni la njano!"

"Gauni la njano? Hapana mama. Mie nilikuwa kichwa kwenye boneti, sikuona. Hapa mtoto wa kike hayupo. Kuna katoto ka kiume tu kako kwa..."

Demetria hakusubiri amalize. Neno "hayupo" lilimtosha, simu ikamponyoka. Mnaelewa alichokuwa anakiona kichwani mwake. Barabara ile ina malori ya mizigo na mabasi yanayokimbizana kuwahi Moshi na Arusha. Na binadamu ni wengi, wa kila namna. Adelard alikuwa anasali kwa sauti, mtu ambaye mie namfahamu huwa anasali kwa kutikisa midomo tu.

Walipofika, watu walikuwa wamekusanyika mbele ya kibanda cha chai cha mama mmoja anayeitwa Hamisa. Mlango ulikuwa umerudishwa na mama huyo amesimama hapohapo, na pembeni yake mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Marijani. Demetria akataka kuingia. Bi Hamisa hakusogea.

"Taratibu, mwanangu. Mnatafuta nini?"

"Mtoto wangu! Mama, shikamoo, nakuomba, mtoto wangu yuko humu?"

"Marahaba. Humu kuna mtoto. Ila sikumtoa barabarani ili nimpe wa kwanza kunyoosha mkono. Tangu nimchukue hajatamka neno, hata jina lake silijui. Nyie niambieni, amevaa nini?"

Akamtazama Adelard kwanza. Wazazi wenzangu, mtu huyu anaweza kukutajia namba ya kontena bila kusoma popote. Lakini hakujua binti yake kavaa nini siku ile. Hata lile gauni la asubuhi hakuwa ameliona.

"Gauni la njano," Demetria akasema. "Lina vifungo vya maua hapa mbele."

Bi Hamisa akatikisa kichwa. "Basi siye. Huyu hana gauni."

Demetria akakaa chini kwenye vumbi. Mzee Marijani akamwinamia, akamwuliza kwa upole, "Binti, mtoto wako ana alama yoyote mwilini?"

"Ana kovu la uji wa moto," Demetria akajibu. "Chini ya goti la kushoto. Na nywele tumemnyoa kwa ajili ya shule."

Bi Hamisa akasogea pembeni. Halafu akausukuma mlango.

Mage alikuwa amelala kwenye mkeka, kafunikwa kanga, ile fulana ya bluu imelowa jasho. Aliposikia kilio cha mama yake akafumbua macho. Hakulia. Alimwangalia tu, akauliza, "Mama, umemaliza simu?"

Demetria aliponisimulia sehemu hii aliinuka akaenda uani kumwangalia Mage. Sina cha kuongeza hapo.

Baadaye ndipo Bi Hamisa alipowaeleza yaliyotokea. Mtoto alikwenda kukaa nyuma ya kibanda, pale kwenye kivuli, akisubiri kama alivyoambiwa. Aliposikia gari la baba yake linawashwa akatoka mbio. Gari likaenda, naye akalifuata katikati ya lami, anapunga mkono. Lori la kontena lilikuwa linakuja. Dereva alipiga honi, akalala kwenye breki mpaka matairi yakatoa moshi. Bi Hamisa aliacha sufuria jikoni, akakimbia, akamnyakua. Dereva alishuka akakaa kwenye ngazi ya lori lake, akashindwa hata kunywa maji aliyopewa. Adelard aliuliza jina la yule dereva ili amtafute amshukuru. Hakuna aliyelijua. Mpaka leo anamtaja katika sala zake kama "yule ndugu wa lori".

Adelard akatoa pochi. Bi Hamisa akairudisha kwa mkono wake. "Weka. Ningekuwa mie nimepotelewa na mwanangu, usingenisaidia?"

"Ningekusaidia, mama."

"Basi yameisha. Kaeni mle. Na leo hamwendeshi gari tena, nyie wote wawili mnatetemeka."

Ilikuwa kweli. Adelard hakubisha. Akampigia baba yake Rombo, akamweleza yote bila kupunguza, na kwamba misa huenda isiwakute. Mzee akasema, "Mwanangu, hiyo jubilei ingekuwa matanga. Laleni huko. Sisi tutawasubiri." Leonardi akaambiwa aendelee na safari pamoja na watoto wengine.

Jioni ile Bi Hamisa alipika wali wa nazi na maharage. Demetria aliosha vyombo vya kibanda kizima, kwa kuwa alikosa njia nyingine ya kusema asante. Mage alikuwa mgongoni mwake kwa kanga, mtoto mkubwa vile, hataki kushuka, na mama hataki kumshusha. Alipokaa kupumzika akaifungua ile video aliyorekodi kivulini. Anaonekana yeye, anacheka, anaeleza. Pembeni kuna kichwa kidogo kilichonyolewa, na mkono unavuta dera, unavuta tena, kisha unaacha. Hakuirusha video ile kwa wateja. Alimwonyesha mumewe, na mume akatoka nje akaenda kusimama peke yake karibu na gari.

Asubuhi waliondoka taratibu. Walifika Rombo mchana, misa imekwisha, watu wako kwenye ndizi. Kuna waliosikitika kwamba mtoto wa kwanza wa kiume kaikosa jubilei ya wazazi wake. Adelard akaomba kusimama. Mbele ya ukoo wote, mbele ya padri, akasema, "Nimechelewa kwa sababu jana nilimwacha mtoto wangu barabarani, na mama mmoja wa Kiislamu ambaye hatujuani akanitunzia. Naomba mnisaidie kushukuru." Bibi yake Mage akainuka, akamchukua mjukuu, akaanza wimbo wa shukrani kwa sauti yake ya uzee, na watu wote wakaudaka. Demetria ananiambia walicheza mpaka viatu vikakatika, na kwamba sherehe ile ilikuwa ya Mage kuliko ya ndoa.

Waliporudi Dar walipita tena kwa Bi Hamisa, wakamletea ndizi na kahawa. Sikukuu ya Idi iliyofuata familia nzima ilikwenda kula kwake. Sasa wanamwita mama, na Mage akiulizwa bibi zake wako wapi anajibu, "Mmoja Rombo, mwingine Mkata."

Funzo

Wazazi wenzangu, msiseme hawa walikuwa wazembe na sisi ni afadhali. Mtoto hapotei kwa sababu wazazi hawampendi. Anapotea katikati ya watu wazima wanne wanaompenda, kila mmoja akiamini mwenzake anamwangalia. Mkisafiri, mtu mmoja aseme kwa mdomo wake, "Huyu niko naye mimi," na mwingine aitikie. Mpango ukibadilika njiani, simameni, wahesabuni watoto kwa kuwagusa, ndipo muwashe gari.

Na hizi simu. Sisemi tuzitupe, wengine ndiyo riziki zetu. Nasema mtoto akikuvuta nguo, mwangalie. Huenda anataka biskuti tu. Mwangalie hivyohivyo, ujue leo kavaa nini.

Na ukimwona mtoto wa mwenzio peke yake, usipite. Acha sufuria iungue. Na usimkabidhi kwa mtu yeyote mpaka umejiridhisha, hata kama mtu huyo analia.

Mimi nashukuru. Ninapoandika haya, Mage yuko uani kwetu anagombana na dada yake juu ya kamba ya kuruka, na kelele zao zimenifanya nikosee mistari miwili. Waache wapige kelele. Mungu asifiwe.