Umeme Utapita Wapi?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea shangazi yake chupa ya chai kwenye zahanati. Shangazi alikuwa muuguzi, na ndiye aliyemlea binti huyo tangu akiwa mchanga. Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake: akianza kuzungumza, hata redio inaona haya. Lakini njiani palikuwa na mahali pamoja palipomfunga mdomo. Ni ukingoni mwa bonde la majani marefu, ambako miezi ya baridi, ukungu unapotanda alfajiri, korongo huja kutua.

Bonde lile halikuwa mali ya mtu. Lilikuwa ardhi ya umma.

Siku moja wapimaji waliingia bondeni wakachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu, kutoka upande huu hadi ule. Mwalimu akaeleza darasani.

"Njia kuu ya umeme inapangwa kupita pale. Nguzo zake ni ndefu kuliko jengo lolote mlilowahi kuona. Lakini hilo ni pendekezo tu. Ardhi ni ya umma, kwa hiyo kabla halijachimbwa hata shimo moja, athari kwa mazingira huchunguzwa na wananchi husikilizwa. Jumamosi kuna mkutano ukumbini. Hata ninyi mnaruhusiwa kusema."

Chiriku alikosa raha. Umuhimu wa umeme aliujua. Mara ngapi alimwona shangazi akikimbiza chanjo kwenye boksi la barafu kwa sababu jokofu la zahanati linalotumia gesi limezima? Lakini korongo wataonaje nyaya ndani ya ukungu?

"Ukisema kidogo hawatakusikia," alimshauri rafiki yake, aliyeitwa Wakili kwa kupenda mabishano. "Waambie ndege wapo mwaka mzima. Waambie ni maelfu!"

Jumamosi ukumbi ulifurika. Ramani kubwa ilibandikwa ukutani, na mstari mwekundu ulikata bonde katikati. Mbele aliketi mtaalamu wa mazingira, mama mrefu aliyevaa buti za mpira zenye tope. Zamu ya Chiriku ilipofika, alisimama.

"Korongo wapo pale mwaka mzima," alisema. "Saa zote! Maelfu kwa maelfu!"

Watu walimpigia makofi. Mtaalamu akatikisa kichwa kukubali. "Ahsante, mwanangu. Kesho nitakwenda kujionea mwenyewe."

Alikwenda kweli, mchana wa jua kali, pamoja na mpimaji mmoja. Chiriku aliwaongoza akiwa na wasiwasi. Bondeni walikuta vyura na ng'ombe mmoja aliyewatazama kama wamemkatiza usingizi.

"Korongo wako wamekwenda sokoni?" mpimaji alicheka.

Mtaalamu hakucheka. "Nikiandika nisichokiona, ripoti yangu yote haitaaminika," alisema taratibu. "Kesho naondoka."

Jioni Chiriku alishindwa kula. Shangazi alisogeza sahani pembeni, akamtazama. "Haya, tema."

Chiriku akasema yote, machozi yakimtiririka.

"Mgonjwa akiniambia anaumwa kila mahali, nitamtibu wapi?" Shangazi aliuliza. "Mimi nautaka huo umeme kuliko mtu yeyote hapa. Lakini nataka wanaoamua wajue ukweli. Vaa viatu, twende."

Walimkuta mtaalamu kwenye baraza la nyumba ya wageni, akifunga mizigo.

"Shikamoo, mama. Nilitia chumvi," Chiriku alisema huku akiangalia chini. "Korongo wanakuja miezi ya baridi tu, kama sasa. Wanatua alfajiri, jua likipanda wanaondoka. Idadi yao siijui, sijawahi kuwahesabu. Ninachojua ni kwamba kukiwa na ukungu wanaruka chini sana."

Mtaalamu akaanza kufungua tena begi lake. "Sasa umenipa kitu cha kufanyia kazi," alisema. "Tutangoja ukungu."

Alfajiri iliyofuata bonde lilikuwa jeupe tupu. Walisimama ukingoni, Chiriku, shangazi, mtaalamu na mpimaji aliyekuwa akipiga miayo. Havikuonekana hata vile vitambaa vyekundu.

Kwanza ilisikika sauti, kama milango mingi ya zamani inayofunguliwa mbali. Halafu ukungu ukapasuka juu ya vichwa vyao. Korongo walipita chini kiasi kwamba upepo wa mabawa yao uligusa nyuso. Shingo zimenyooka, miguu imening'inia, wakija kundi baada ya kundi hadi ikawa kama mbingu yenyewe inashuka. Ardhi iliyokuwa kimya ilijaa uhai. Chiriku alikuwa amewaona mara nyingi, lakini moyo ulimpiga kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mpimaji alivua kofia. "Jamani," alinong'ona. "Na nyaya tungezipitisha hapo hapo."

Mtaalamu aliahirisha safari. Alirudi bondeni kila alfajiri hadi baridi ilipoanza kuisha, akihesabu na kupiga picha.

Kwenye mkutano wa pili ramani ilikuwa na mstari mpya. Njia ya umeme ingezunguka bonde na kufuata barabara kuu. Mfyatua matofali mmoja wa kando ya barabara hiyo aliuliza kuhusu uwanja wake wa kuanikia, akajibiwa kwamba nguzo zitasogezwa ng'ambo ya barabara. Mpimaji alieleza kwamba nguzo zitaongezeka, ila kuzitunza kutakuwa rahisi. Kituo cha kupozea umeme, yaani cha kupunguza nguvu yake ili ufae majumbani, kingejengwa njia panda, na zahanati ingekuwa ya kwanza kuunganishwa. Shangazi alipiga kigelegele, mwenyekiti wa mkutano akaruka kitini kwa mshtuko, watu wakaangua kicheko.

Mkutano ulipokwisha, mtaalamu alimwita Chiriku mbele ya ramani.

"Mwanangu, ardhi ya umma ina wenyewe wengi, ndiyo maana tunauliza kabla ya kujenga. Lakini kuuliza hakuna faida kama majibu ni ya uongo. Ukipewa nafasi, sema ulichokiona, kama ulivyokiona, na usichokijua sema hukijui. Uongo wako ulinipeleka bondeni mchana nikakuta vyura. Ukweli wako ndio ulioniamsha alfajiri."