Shedrack Baada ya Sindano

Jirani yetu Mektrida anadai aliona kwa macho yake mawili. Anasema mume wangu Shedrack, mnyanyua vyuma wa Kirua nzima, alishindwa na ndoo moja ya maji. Akaitua njiani, akakaa chini, akalia.

"Mikono kama magogo!" Mektrida huwaambia watu. "Kijicho kimemmaliza."

Ndoo haikumshinda. Aliitua tu. Lakini kulia, alilia.

Mwaka 2001 Shedrack alikuwa akishuka Moshi mjini kila Jumamosi kunyanyua vyuma. Rafiki yake Fahad, fundi magari, alimwonyesha sindano za kukuza misuli. Wakadungana miezi mitatu, kwa ajili ya mashindano. Shedrack akawa wa pili. Hata shati la harusi yetu likakataa kumwingia. Mashindano yalipokwisha, akaacha sindano.

Wiki chache baadaye misuli ikaanza kunywea. Akawa mchovu na mwenye hasira. Kifua kikavimba na kuuma kama cha msichana anayekua. Chumbani akawa ananipa mgongo. Nasi tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, tunatafuta mtoto.

Mama mkwe akasema damu imepungua. Akamlisha kama tunavyomlisha mwanamke aliyejifungua: asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana supu ya damu ya mbuzi, na jembe asishike. Wanawake wakaja kuchungulia.

"Mzazi hajambo?" Mektrida aliuliza.

"Hajambo," nikajibu.

"Na mtoto mbona hatumwoni?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaingia zizini kufuta macho.

Miezi ikapita. Kilichoongezeka ni tumbo tu. Jumapili moja Fahad akaja na vichupa vipya vya dawa ya sindano.

"Kaka, mwili umezoea dawa. Rudia, utasimama."

Shedrack akanyoosha mkono. Mimi nikawahi, nikavifunga kwenye ncha ya kanga.

"Shemeji, taratibu, utavivunja!"

"Sivunji. Kwanza tabibu avione."

Kesho yake nikampeleka Shedrack zahanati, kwa tabibu Aminieli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni."

Aminieli alivigeuza vichupa, akamsikiliza Shedrack mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Mfereji wako wa shambani, jirani akikumiminia maji yake tele, utakwenda kuusafisha?"

"Ya nini? Nitalala."

"Mwili wako nao ulilala hivyo hivyo. Kichwani kuna kitezi kidogo. Hicho ndicho huziamuru korodani zitengeneze homoni ya kiume na mbegu za uzazi. Ulipoingiza homoni kwa sindano, kitezi kikaona ipo tele, kikanyamaza. Korodani zikaacha kazi. Sasa maji ya jirani yamekatika, na mfereji wako umejaa matope."

"Kwa hiyo nikidunga tena…"

"Unaongeza matope."

"Na mtori wa mama?" niliuliza.

"Mtori ni chakula kizuri. Ila hauwezi kukiamsha kitezi."

Shedrack akashusha sauti. "Mzee, nimeharibika?"

"Hilo litasemwa na vipimo. Wengi hurudi, lakini ni kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Wachache hawarudi bila matibabu. Nitakuandikia barua uende hospitali kubwa. Watapima homoni kwenye damu, asubuhi, na watapima mbegu. Dawa ya kuamsha mwili usinunue mtaani. Akikupa daktari, sawa. Sindano mlichangia?"

Shedrack akaitazama sakafu. "Na Fahad. Moja."

"Basi wote wawili mpime Ukimwi na homa ya ini. Na huzuni ikikuzidi, ukaona heri kufa, usingoje siku ya miadi. Njoo hapo hapo. Mama, wewe utamwona kabla yeye hajajiona."

Fahad alibisha, kisha akaenda kupima. Wote wawili walikutwa hawana virusi. Homoni za Shedrack zilikuwa chini sana, na mbegu karibu hakuna. Daktari akasema tusubiri, tupime tena kila baada ya miezi mitatu.

Tukasubiri. Shedrack akaacha mbege, pombe yetu ya ndizi. Akalala mapema, akarudi shambani, akanyanyua vyuma vyepesi. Fahad alimtania, "Kaka, hivyo si vyuma, hizo ni bangili!" Shedrack akamtupia kimoja.

Kipimo cha pili kilipanda kidogo. Cha tatu kikapanda zaidi. Mimi sikuhitaji karatasi. Nilimsikia akipiga mluzi akikata majani ya ng'ombe. Nilimwona akimjibu Mektrida kwa utani. Kisha asubuhi moja alinitazama kwa namna niliyokuwa nimeisahau. Siku ile ng'ombe walichelewa sana kula, na mama mkwe akanyamaza kwa adabu.

Oktoba mwaka uliofuata tulikuwa tunamenya kahawa. Shedrack anazungusha mashine, mimi namimina kahawa mbivu. Daktari alikwishamwambia homoni zake zimerudi mahali pake.

"Jana nilikwenda kwa Aminieli," nilisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina mimba ya miezi miwili."

Mashine ikasimama. Maji yakaendelea kutiririka juu ya maganda mekundu.

"Sema tena," akasema.

Nikainama kuchukua kikapu kingine.

"Mke wangu, nakuomba. Sema tena."

Nilikuwa nacheka mno, sauti haikutoka.