Mpaka wa Kaisari

Jana Kaisari alitazama dirisha. Leo anatazama mlango.

Mwanaisha aliusogelea ukuta ahakikishe. Ramani ya dola ya Rumi ilizungukwa na vichwa vya watawala wake, na huyu wa chini, mwenye taji la majani, alikuwa amegeuza shingo. Chumba kilinuka chuma kilicholowa.

Ramani ilikuwa ya mumewe, Issa. Aliinunua mnadani, shamba la chai lilipouzwa na vyombo vya mzungu kutolewa uani. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza kitu. Issa akaacha kufundisha historia, akaanza kupeleka kabichi Dar es Salaam. Za wenzake zilioza hata kabla ya kumaliza kushuka milima. Za kwake zilifika mbichi. Watu wakasema ana bahati. Bahati gani hiyo, ya kumfanya mtoto bubu? Maana Latifa, binti yao wa pekee, aliacha kusema wiki ileile ramani ilipotundikwa.

Na pale kwenye ramani wekundu wa dola ulikuwa unashuka kusini. Mwanzo uliishia jangwani. Sasa ulishavuka Sudani, ukavuka Uhabeshi, unakuja.

Mchana mmoja ukungu ulifunika mashamba, na Mwanaisha akiwa jikoni anamenya viazi alisikia buti za chuma zikipanda mteremko, nyingi, kwa mwendo mmoja, zikapita kwenye bustani ya karoti bila kuvunja hata jani, zikazunguka nyumba, zikasimama kwenye kona ya ua chini ya mpeasi. Na huko chumbani Latifa, mtoto asiyesema, akaziitikia kwa sauti nzito ya mwanamume, kwa lugha ambayo Mwanaisha hakupata kuisikia tangu azaliwe.

Mwanaisha akamwita Mzee Shekiondo, mganga wa Mgwashi.

"Shikamoo baba," alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alinusa hewa, akaenda moja kwa moja kwenye ile kona. "Hili ni jini la mtawala. Halivuki mpaka ambao halikufunguliwa. Masale yako wapi?"

Masale, mimea ya mpakani, hayakuwepo. Palibaki mashimo. Mwanaisha alidhani ni mbuzi, lakini milimani huku kila mtu anajua: sale haling'olewi ila na aliyelipanda. Na haya aliyapanda Issa.

"Baba Latifa," alisema polepole, akimgeukia mumewe aliyekuwa amesimama nyuma yao, "hapa ndipo tulipozika kitovu cha mwanangu."

Issa alitazama viatu vyake. "Kaisari alitaka kipande kidogo tu, Mama Latifa. Aliniahidi masoko yote mpaka pwani."

Mwanaisha aliumia asijue pa kushika. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Ayarudishe masale kwa mkono wake mwenyewe," mzee alisema. "Kitakachokuwa ndani ya mpaka ni chenu. Cha nje ni cha jini. Biashara itakufa, mtoto atapona."

Issa alichukua jembe. Ukungu ukamfunika, wakasikia akichimba, akichimba, kisha kimya. Latifa akaita, "Mama!" kwa sauti yake mwenyewe, na Mwanaisha akalia kwa furaha.

Ukungu ulipoinuka kidogo, alikimbilia kwenye kona ashukuru. Masale yalikuwa yamepandwa, udongo bado mbichi. Lakini yalisimama upande huu wa mpeasi. Issa alikuwa amerudisha mpaka ndani. Kona yenye kitovu cha Latifa aliiacha nje.

"Issa!"

Chini barabarani lori lake lilikuwa limeshawaka. Na nyuma ya Mwanaisha, kutoka mlangoni, buti zilianza kushuka mteremko kwa mwendo mmoja, na katikati yake miguu midogo, mitupu, ikijitahidi kwenda nazo sawa.